Mizani kwanza, nywila baadaye: uchambuzi wa kisa cha mfumo wa kununulia mwani

Vijana wanne waliopanga chumba juu ya duka, Mji Mkongwe, walipata kazi ya kuandika mfumo wa kununulia mwani kwa ajili ya kikundi cha wakulima wa pwani ya mashariki ya Unguja. Wanachama wake wanatoka Paje, Jambiani na Bwejuu, wengi wao wanawake, na hadi wakati huo mambo yote yalikuwa kwenye madaftari: nani kaleta gunia, uzani wake, bei ya siku hiyo, kalipwa kiasi gani, anadaiwa kamba ngapi. Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Kinachonifanya niiandike ni swali lililowakwamisha vijana hao, na ambalo nimeliona likikwamisha timu nyingi zinazotaka kufanya kazi kwa njia ya BDD: tuanzie wapi?

Kwa asiyeijua, BDD (behaviour-driven development) ni uundaji wa programu unaoongozwa na mwenendo wake. Kabla msimbo haujaandikwa, wenye kazi na waandishi wa programu hukaa kitako wakakubaliana, kwa mifano halisi, programu ifanye nini katika hali fulani. Mifano ikishakubaliwa huandikwa kwa lugha ya kila siku, na ikiwezekana hugeuzwa majaribio ambayo kompyuta inayaendesha yenyewe. Aliyeianzisha ni Dan North, Mwingereza, mwanzoni mwa miaka ya 2000, alipokuwa akifundisha watu kuandika majaribio kabla ya msimbo. Kila alipofundisha alikutana na maswali yale yale: waanzie wapi, wajaribu nini na waache nini, wajaribu kiasi gani kwa mara moja, jaribio walipe jina gani. Kwa hiyo anayeuliza pa kuanzia asione haya kwamba hajui kitu. Njia yenyewe imezaliwa na swali hilo.

Walipoanzia

Walianza pale wanapoanza wengi. Wakaweka Cucumber, programu inayoisoma mifano hiyo na kuiendesha kama majaribio, kwenye kompyuta zao, wakafungua faili la kwanza, wakaandika mwenendo wa kioo cha kwanza cha mfumo, yaani kuingia. Mtumiaji mwenye nywila sahihi anaingia. Mwenye nywila mbaya haingii. Aliyesahau anatumiwa ujumbe. Aliyekosea mara tatu anafungiwa. Kisha kusajili mtumiaji, kubadili nywila, kubadili picha. Majaribio yote yaliendeshwa kupitia kivinjari: mashine inafungua ukurasa, inabofya, inasubiri, inasoma kilichoandikwa. Siku mmoja wao alipobadili maandishi ya kitufe kutoka “Ingia” kuwa “Ingia kwenye mfumo”, karibu majaribio yote yakaanguka kwa pamoja, na hakuna aliyejifunza lolote kutokana na kuanguka huko zaidi ya kwamba kitufe kimebadilishwa jina. Hilo walilijua.

Wakamwonesha katibu wa kikundi kwa simu ya video. Alitazama mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema:

“Hongereni wanangu. Sasa mizani iko wapi?”

Mizani haikuwapo. Ilipangwa baadaye, katika awamu ya pili, baada ya “misingi”.

Kwa nini watu huanzia kwenye nywila? Sababu moja ni mafunzo: mifano mingi ya BDD inayosambaa hutumia kuingia kwenye mfumo kwa kuwa kila msomaji anaielewa bila maelezo. Lakini kitu ambacho kila mtu anakielewa bila maelezo ndicho kisichohitaji mazungumzo, na BDD ni mazungumzo kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Sababu nyengine ni kuchukua mpangilio wa vioo ukaufanya mpangilio wa kazi. Mtumiaji hukutana na mlango kwanza, basi na sisi tujenge mlango kwanza. Karani wa mizani hakuomba mlango. Kuingia kwa nywila ni jambo ambalo limeshatatuliwa na maelfu ya watu. Unachukua kilichokwisha tengenezwa, unakifunga, unaendelea na kazi.

Mapendekezo matatu

Baada ya simu ile kulikuwa na kikao chumbani kwao, nami nikaalikwa kusikiliza. Yalitoka mapendekezo matatu.

Msimamizi wao alitaka mwenendo wote uandikwe kwanza, kurasa zote, kikundi kitie saini, ndipo msimbo uanze. Hili silitilii maneno mengi. Ni mkataba wa kizamani uliovishwa kanzu mpya, na mifano iliyoandikwa miezi sita kabla ya kutumika hufa bila ya mtu kujua imekufa.

Mdogo wao alitaka kuanza na kanzidata: majedwali ya wanachama, mauzo, bei na malipo ya mwezi. Hoja yake ilikuwa kwamba bila majedwali huwezi kuhifadhi chochote. Ni kweli, lakini angalia neno “mwezi” hapo. Hakuwa amemuuliza mtu yeyote iwapo malipo ya kikundi hicho huenda kwa mwezi. Tutalirudia, maana ndilo lililokuwa na gharama kuliko yote.

Wa tatu, mzoefu wao, alikuwa na hoja nzito zaidi. Alisema hatari kubwa ni mtandao. Pale karani anapopima kuna siku mtandao unapotea tangu asubuhi. Kama simu haiwezi kuhifadhi uzani na kuutuma baadaye bila kuurudufu, mfumo mzima hauna maana. Sikuweza kumpinga, ila hatari hiyo haitibiwi kwa BDD. Hakuna mkulima wala mweka hazina atakayegombana nawe juu ya namna ya kusawazisha data kati ya simu na seva. Hilo ni swali la kiufundi, na dawa yake ni jaribio la kutupa: mtu mmoja ajifungie, aandike programu chafu yenye kazi hiyo peke yake, azime mtandao, auwashe, aone. Likifanikiwa au likishindikana, msimbo wake unatupwa na ujuzi unabaki. Walikubaliana afanye hivyo pembeni, na ikawa uamuzi mzuri.

Bado pa kuanzia hapakupatikana. Hapo ndipo nilipowakumbusha swali ambalo North mwenyewe aliwapa wanafunzi wake: ni jambo gani muhimu zaidi ambalo mfumo bado haulifanyi? Swali dogo, lakini lina nguvu mbili. Kwanza linakuondoa kwenye vioo na kukupeleka kwenye kazi ya watu. Pili, linapangua orodha: huhitaji kujua mambo arubaini, unahitaji kujua moja, na ukilimaliza unauliza tena.

Jibu lilitoka haraka. Mwanachama akileta gunia, apimiwe na alipwe sawasawa. Kila mmoja chumbani aliona ni jambo jepesi. Uzani mara bei. Mzoefu wao alisema litamchukua kabla ya adhuhuri.

Jambiani, kando ya mizani

Wawili kati yao walipanda daladala ya 309 wakafika asubuhi, na hawakukuta mtu. Ilikuwa bamvua, siku za maji makubwa. Maji hapo hupanda na kushuka kiasi cha mita nne, na yanapokupwa kwenye saa nne asubuhi wanawake wote wako mbali ndani ya bahari iliyo kavu, kwenye kamba zao, wakivuna na kufunga mbegu. Huwezi kuitisha kikao saa hiyo. Wakasubiri mpaka maji yajae.

Nasimulia hili kwa sababu ratiba ya bahari iligeuka kuwa sehemu ya mfumo. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, kwenye vijiji hivi hivi vya Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na tangu hapo maisha ya mkulima yamepangwa kwa bamvua na maji mafu, si kwa kalenda ya ukutani.

Alasiri wakakaa chini ya mkungu, kando ya banda la mizani: karani anayepima, mweka hazina, katibu na vijana wawili. Walichukua kadi za rangi nne, kwa mtindo uliobuniwa na Matt Wynne na kutangazwa mwaka 2015. Kadi ya manjano ni kazi inayozungumziwa. Za buluu ni kanuni. Za kijani ni mifano ya kila kanuni. Nyekundu ni maswali ambayo hakuna aliyekuwepo anayeweza kuyajibu. Kikao hulengwa kimalizike kwa dakika 25 hivi, na kama nyekundu zimejaa, basi kazi hiyo haiko tayari kuandikwa.

Kanuni ya kwanza ilipita bila tabu: uzani wa gunia tupu hutolewa. Ya pili ni bei kwa aina ya mwani. Spinosamu ina bei ya chini na inastahimili. Kotonii ina bei nzuri lakini hufa maji yakizidi joto, kwa hiyo wachache bado wanailima.

Ya tatu ilikuwa unyevu. Vijana walikuja na sehemu tayari kwenye kioo: “Asilimia ya unyevu.” Wakamuuliza karani hukata kiasi gani mwani ukiwa na unyevu wa asilimia kadhaa. Yule mama hakujibu. Alitia mkono ndani ya gunia lililokuwa karibu, akafumbata konzi ya mwani, akaibana, akaufungua mkono wake mbele yao. Kiganja kilikuwa na majimaji.

“Huu haujawa. Unarudi kwenye kichanja.”

“Kwa hiyo hukati kilo, bi mkubwa?”

“Nikate nini? Nikikata leo, kesho ataleta mbichi zaidi. Nauzuia, basi.”

Hapo sehemu ya asilimia ikafa, pamoja na hesabu yote iliyojengwa juu yake. Hakuna kipimo cha unyevu pale. Kipimo ni mkono wa karani, na mkono huo hauingii kwenye kompyuta. Mfumo unachohitaji kujua ni kwamba gunia limepokewa au limerudishwa. Napenda mfano huu kwa sababu unaonesha mpaka wa mwenendo wa programu. Timu nyingi zinapoanza BDD hujaribu kuandika mwenendo wa watu: karani anakagua, karani anaamua. Anachokiamua karani ni chake. Kinachoandikwa ni kile ambacho mfumo hufanya baada ya yeye kuamua.

Kisha ikaja kadi ya deni, na dakika 25 zikasahauliwa.

Kikundi huwapa wanachama kamba na tai-tai, yaani nyuzi za kufungia mbegu, kwa mkopo, na deni hukatwa wanapouza. Vijana waliandika kwenye kadi ya buluu: deni hukatwa kwenye malipo. Mmoja wao, na huu ndio ustadi wa kazi nzima, hakuiacha hapo. Aliomba mfano. Mwanachama ana deni la Sh 30,000. Analeta mwani ambao, ukishatolewa uzani wa gunia, ni kilo 42. Tuseme bei ni Sh 1,000 kwa kilo, ili hesabu iwe rahisi. Anaondoka na kiasi gani?

Mweka hazina: Sh 12,000. Deni lote limekatwa, daftari safi.

Karani akamgeukia. “Lini umeniona nikifanya hivyo? Mimi namkatia nusu. Anaondoka na elfu 21, anabakiza deni la elfu tisa. Mtu katoka baharini, ana watoto, umpe elfu 12?”

Katibu akasubiri wamalize, akasema kwa upole kwamba katiba ya kikundi inazungumzia theluthi. Yaani Sh 14,000 zinakatwa, anaondoka na Sh 28,000, anadaiwa Sh 16,000.

Watu watatu wa kikundi kimoja, waliofanya kazi pamoja kwa miaka, wana majibu matatu kwa swali moja. Na si kwamba kuna aliyekuwa akidanganya. Karani alikuwa akikata nusu kwenye mizani, mweka hazina akiandika deni limekwisha, na tofauti ilikuwa ikipotelea ndani ya safu ya “mengineyo” kila kufunga hesabu. Daftari linavumilia mambo hayo kwa sababu mtu anaweza kuandika pembeni kwa kalamu. Programu haivumilii: itakata kiasi kile kile kila siku, kwa kila mtu, na atakayelaumiwa ni kompyuta.

Kadi nyekundu. Mmoja wa vijana alitaka kupendekeza nusu, iwe kama suluhu ya katikati, na mwenzake akamgusa mguu chini ya meza. Haikuwa kazi yao kuamua. Swali likapelekwa kwenye kamati.

Na mwezi? Huu ulijitokeza mwishoni, watu wakiwa wameshaanza kusimama. Kila mwanachama hutoa mchango wa mfuko, na katibu alikuwa amewaambia kwa simu, siku za mwanzo kabisa, kwamba ni elfu nne kwa mwezi. Vijana waliomba mfano wa mwisho tu, wafunge: mchango wa Agosti 2023 ulikatwa lini? Katibu akafungua daftari. Ulikatwa mara tatu, Sh 2,000 kila mara. Sh 6,000 kwa jumla.

Mchango unakwenda kwa bamvua. Bamvua huja kila baada ya siku 14 au 15, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, kwa hiyo kwa kawaida ni mbili ndani ya mwezi wa kalenda, na ndiyo maana katibu alisema elfu nne. Lakini Agosti 2023 mwezi ulikuwa mpevu tarehe 1, ukaandama katikati, ukawa mpevu tena tarehe 31. Bamvua tatu, na ya tatu ilimalizikia Septemba. Kwa mwaka mzima huwa 24 au 25. Jedwali la “malipo ya mwezi” lingekuwa sahihi miezi mingi, likawa na kosa mara moja moja, na hayo ndiyo makosa mabaya kuliko yote, kwa kuwa yanapotokea kila mtu ameshauamini mfumo.

Pa kuanzia ni pawili

Waliporudi mjini walikuwa na furaha na wamechanganyikiwa. Jambo muhimu kuliko yote wameshalijua: deni. Na deni ndilo lisilo na jibu mpaka kamati ikae. Je, wasubiri?

Hapa pana tofauti ambayo sioni ikisemwa vya kutosha. Pa kuanzia mazungumzo na pa kuanzia msimbo si pamoja. Mazungumzo huanzia kwenye mgongano, pale ambapo unashuku kwamba ukiuliza watu wawili utapata majibu mawili. Msimbo huanzia kwenye mfano mwembamba kuliko yote ambao bado unapita mfumo mzima kutoka mwanzo hadi mwisho: kutoka gunia kwenye mizani hadi fedha kwenye daftari. Mfano huo mwembamba unatakiwa uwe wa kweli, uwe unatokea pale Jambiani, lakini uwe umeyakwepa mabishano yote. Mwanachama asiye na deni.

Jaribio la kwanza lililoandikwa baada ya safari ile lilikuwa hili:

Mwanachama asiye na deni anauza spinosamu
* bei ya spinosamu ni Sh 1,000 kwa kilo
* mwanachama namba 17 hana deni
* mizani inaonesha kilo 43 na gunia tupu lina kilo 1
* karani anapokea gunia la mwanachama namba 17
* mwanachama namba 17 analipwa Sh 42,000
* daftari lake linaonesha mauzo ya kilo 42

Nyota zile si pambo. Lugha ya Gherkin, ambayo Cucumber huisoma, ina maneno yake ya kufungulia kila mstari wa hali, wa tendo na wa matokeo, lakini inakubali nyota mahali pa maneno hayo, na hivyo mistari yote ikasomeka kwa Kiswahili kitupu. Muundo wenyewe wa hali, tendo na matokeo haupotei. Uko kwenye mpangilio. Ulitungwa na North pamoja na mchambuzi Chris Matts, baada ya Matts kumwambia, mwishoni mwa 2004, kwamba alichokuwa akikieleza kinafanana tu na kazi ya uchambuzi wa mahitaji. Ndiyo maana nashangaa ninapoona BDD inakabidhiwa mtu wa majaribio peke yake, mchambuzi akiwa chumba chengine.

Angalia pia kisichokuwemo. Hakuna kitufe. Hakuna ukurasa. Hakuna “mtumiaji anabofya”. Wakati huu jaribio lilifungwa chini ya kioo, moja kwa moja kwenye sehemu ya msimbo inayofanya hesabu na kuweka kumbukumbu, kwa hiyo linamalizika kwa kufumba na kufumbua na halijali kitufe kinaitwaje. Kioo cha karani kiliandikwa baadaye na kupewa jaribio lake moja tu, la kuhakikisha kwamba alichoandika kinafika ndani. Katibu aliisoma mistari ile kwenye simu yake na kurekebisha kitu kimoja: bei ichukuliwe ya siku gunia lilipopokewa, hata kama malipo yanatoka kesho yake. Mstari mmoja ukaongezwa. Sidhani angeweza kusahihisha jedwali la kanzidata.

Liz Keogh, mmoja wa watu walioikuza njia hii tangu siku zake za awali, huweka mambo kwa mpangilio: kuzungumza kuna thamani kuliko kuyaandika yaliyozungumzwa, na kuyaandika kuna thamani kuliko kuyageuza majaribio ya mashine. Kwa timu inayoanza ningeusoma mpangilio huo kama amri. Kama vijana hawa wangerudi kutoka Jambiani na wasiandike hata jaribio moja la mashine, bado wangekuwa wameokoa sehemu kubwa ya thamani: asilimia ya unyevu isingejengwa, mwezi usingejengwa, na kikundi kingejua kwamba kinakata deni kwa namna tatu. Kinyume chake ndicho walichokifanya mwanzoni, majaribio mengi ya mashine bila ya mazungumzo yoyote, na hakikuwapa kitu.

Kamati ilikaa. Iliamua theluthi, kama katiba, isipokuwa mwanachama mwenyewe akiomba akatwe zaidi. Hilo “isipokuwa” halikutoka kwa mtu yeyote kati ya wale watatu. Lilitoka kwa mwanachama wa Bwejuu aliyetaka kumaliza deni lake kabla ya Ramadhani. Kanuni moja ikawa na mifano mitatu:

* mwenye deni la Sh 30,000 anayeuza kwa Sh 42,000 anakatwa Sh 14,000
* mwenye deni la Sh 5,000 anayeuza kwa Sh 42,000 anakatwa Sh 5,000
* mwenye deni la Sh 30,000 anayeuza kwa Sh 42,000 na kuomba akatwe Sh 20,000 anakatwa Sh 20,000

Wa pili unaonekana wa kipuuzi mpaka uone msimbo wa kwanza wa kijana yule mdogo: ulikata theluthi bila kuangalia deni limebaki kiasi gani, na mwanachama akawa anakidai kikundi Sh 9,000. Jaribio lilimshika palepale.

Bamvua nazo zikawa na jedwali lake. Mzoefu wao alitaka kompyuta izikokotoe kutokana na mwandamo wa mwezi, na alishaanza kutafuta fomula. Katibu akamzuia. Bamvua huandikwa na yeye, tarehe ya kufungua na ya kufunga, kwa sababu pengine kikundi husogeza siku kwa ajili ya sikukuu au maziko. Ile iliyofunguliwa mwisho wa Agosti huhesabiwa Agosti. Kanuni imeandikwa, mfano wake umeandikwa, na fomula ya mwezi haikuandikwa.

Majaribio ya nywila yalifutwa, isipokuwa moja. Mmoja wao aliona uchungu kufuta kazi ya wiki kadhaa, jambo la kibinadamu, lakini kila jaribio lisilofundisha kitu linagharimu muda kila linapoendeshwa na kila linapoanguka bure. Lililobaki ni la mwanachama kutoweza kuona daftari la mwenzake, kwa kuwa hilo, tofauti na nywila iliyosahauliwa, lilimfanya mweka hazina na karani wabishane.

Wanaonisoma na ambao wana mfumo wa zamani tayari, uliojaa msimbo usio na jaribio hata moja, wataona kisa hiki hakiwahusu kwa kuwa vijana hawa walianza na ukurasa mtupu. Nadhani kwao ni rahisi zaidi. Msirudi nyuma kuandika mwenendo wa vitu vinavyofanya kazi. Subirini ombi la mabadiliko linalofuata, au malalamiko yanayofuata ya mteja, mkae na mlalamikaji, muombe mfano mmoja wenye tarakimu. Malalamiko ni mgongano uliokwisha jileta wenyewe mlangoni.

Kwa sasa kadi iliyo mezani ni ya gunia lenye mwani wa aina mbili. Karani anasema hulinunua lote kwa bei ya spinosamu, mwenye gunia atajifunza. Mweka hazina anataka lirudishwe likachambuliwe, kwa kuwa kotonii iliyochanganyika ni hasara ya kikundi pia. Katibu ameliandika kwenye ajenda ya kamati ya bamvua ijayo, na vijana wamehamia kwenye gunia lililorudishwa kwa unyevu, ambalo wote watatu wanakubaliana nalo.